Mwongozo kamili wa kuchagua springi na shokapu za pikapu isiyo na fowili

Swali linalonifikia kuliko yote ni hili: "Nimefunga shokapu mpya, tena za bei, mbona nikipakia gari bado linakalia mkia?" Jibu lake ni kwamba shokapu haibebi mzigo. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya gari kuvuka shimo au tuta.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa natoa nyanya Ilula, nateremka Kitonga, napita Mikumi na matuta yake hadi Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja nilinunua jozi mbili za shokapu za nyuma, na zote zilivuja. Fundi wa tatu hakugusa shokapu hata kidogo. Alilala chini ya gari na futi, akanyoosha kidole kwenye raba ya stopa, ile ya chini ya chesisi inayozuia ekseli isigonge chuma. Ilikuwa imegongwa na ekseli mpaka imechimbika katikati kama kisahani. Majani ya springi, zile pleti ndefu za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, yalikuwa yamenyooka kama rula na gari likiwa tupu. Shokapu zangu zilikuwa zinafia kazi isiyo yao.

Mwongozo huu ni wa pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake: Hilux, D-Max, Hardbody na ndugu zao. Kuna sababu ya kuzitenga na za fowili, zinazosukumwa na magurudumu yote manne. Kwenye gari lako, matairi yanayobeba mzigo ndiyo hayohayo yanayolisukuma. Likiwa tupu, uzito mwingi uko mbele kwenye injini, nyuma ni pepesi. Ukiweka springi ngumu kupita kiasi, tairi la nyuma linaruka badala ya kushika ardhi, na kwenye utelezi kidogo tu unabaki pale pale unachimba. Mwenye fowili huokolewa na magurudumu ya mbele. Wewe huna hayo, kwa hiyo springi ngumu kuliko zote dukani inaweza kuwa mbaya kuliko zote kwako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa hela

- Futi ya chuma, daftari na kalamu.
- Mifuko 8 ya saruji ya kilo 50. Unaweza kuiazima kwa jirani mwenye duka, unairudisha siku hiyohiyo.
- Jeki, stendi mbili imara za kuegemeza gari, na mawe ya kuzuia matairi.
- Tochi, brashi ya waya na mtaimbo mdogo.
- Kipimo cha upepo wa matairi.
- Picha ya kibao cha modeli na namba ya chesisi kwenye simu yako.
- Mtu wa kukusaidia, na asubuhi nzima isiyo na haraka.

## Hatua ya 1: Lijue gari lako kutoka chini

Anza na kibao cha modeli. "Hilux ya 2010" si jibu la kumpa muuza spea. Katika Hilux za 2005 hadi 2015, kwa mfano, KUN26 ni fowili na KUN16 inasukumwa nyuma tu, na zote zinaitwa Hilux za mwaka huohuo. Soma herufi na namba zilizoandikwa, usitegemee stika ya mlangoni wala maneno ya aliyekuuzia.

Kisha ingia chini. Mbele utakuta kimoja kati ya viwili. Kuna springi ya koili, ile iliyojizungusha, kama kwenye Hilux kuanzia 2005. Au kuna toshenibaa: chuma kirefu cha mviringo, kama nondo nene, kinachotoka kwenye mkono wa gurudumu na kurudi nyuma chini ya kebini, kama kwenye Nissan Hardbody D22. Kwa D-Max angalia mwenyewe, maana matoleo hayafanani.

Nyuma ni springi za majani. Hapa kuna jambo moja ambalo watu wengi hawaliangalii: je, springi inapita juu ya ekseli au chini yake? Pikapu nyingi za chini zina springi chini ya ekseli, na zile ndefu juu yake. Andika jibu lako. Ukichukua springi na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) za gari la aina nyingine, hazitakaa.

Tahadhari: kuna mafundi wanaoweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ili kuinua nyuma. Kama springi yako iko chini ya ekseli, kipande hicho kitalishusha gari badala ya kulipandisha. Nimeona mtu akilipia kazi hiyo na kurudi nyumbani na gari limelala zaidi ya alivyolipeleka.

## Hatua ya 2: Pima uzito wako wa kweli

Ukimuuliza mtu anabeba kiasi gani, atakwambia "tani moja". Ukilipeleka gari lake kwenye mizani, unakuta tani moja na nusu.

Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao kwenye kibao au kitabu cha gari huandikwa GVM. Toa uzito wa gari tupu likiwa na tanki lililojaa. Kinachobaki si mzigo peke yake, ni kila kitu utakachoongeza. Tuseme GVM ni kilo 2,600 na gari tupu ni 1,500, hapo unabaki na 1,100. Dereva na utingo, 150. Fremu ya mabomba uliyochomelea juu ya bodi, 90. Boksi la vifaa na tairi la ziada la pili, 40. Umebaki na 820. Kama tenga la nyanya lina kilo 40, hayo ni matenga 20. La 21 limevuka mpaka, na magunia ya lumbesa huvuka kabla hujayahesabu.

Mizani ipo kwenye maghala ya mahindi, viwandani na kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Pima mara tatu: gari zima, kisha magurudumu ya mbele tu yakiwa juu ya mizani, kisha ya nyuma tu. Namba ya nyuma ndiyo itakayokuchagulia springi.

Na hili naomba ulishike: springi ngumu haiongezi hata kilo moja kwenye kibao. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, breki ni zilezile, chesisi ni ileile. Springi mpya inakusaidia kubeba vizuri kile ulichoruhusiwa, basi. Kama kazi yako inadai zaidi kila siku, unahitaji gari kubwa zaidi, na hakuna spea itakayobadilisha hilo.

## Hatua ya 3: Kipimo cha saruji

Hiki ndicho kipimo kinachomtenga anayechagua na anayebahatisha. Kinachukua saa moja.

Egesha gari tupu mahali tambarare. Jaza upepo sawasawa. Lisukume kidogo mbele na nyuma ili springi zitulie. Sasa chukua vipimo viwili kila upande wa nyuma:

1. Kutoka katikati ya rimu kwenda juu kwenye ukingo wa fenda. Usipime kutoka chini ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya.
2. Kutoka juu ya ekseli, pale stopa inapogonga, hadi kwenye raba ya stopa. Huu ndio uwazi uliobaki kabla chuma hakijagonga.

Panga mifuko 8 ya saruji juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Isiwe kwenye mkia wala karibu na kebini. Hizo ni kilo 400. Pima tena.

Tuseme uwazi wa stopa ulikuwa milimita 90 na sasa ni 40. Gari limeshuka 50 kwa kilo 400, yaani kilo 8 kwa kila milimita. Ukipakia 800 litashuka 100, na uwazi ulikuwa 90 tu. Ndiyo kusema ekseli itagonga stopa gari likiwa limesimama, achilia mbali kwenye shimo. Hakuna shokapu duniani itakayorekebisha hesabu hiyo.

Lengo ni kwamba ukiwa na mzigo wako kamili, angalau theluthi ya uwazi ule ibaki. Kwa mfano wetu, ibaki 30. Kuna njia mbili za kufika hapo, na hapa ndipo hela nyingi hupotea:

Springi zimechoka. Kama gari jingine la aina yako lenye springi nzuri lina uwazi wa 150 likiwa tupu, basi tatizo lako si ugumu. Springi zako zimelala milimita 60. Weka mpya za kawaida, ugumu uleule: 150 ukitoa 100 unabaki na 50, theluthi ya 150. Umemaliza kazi kwa bei ndogo, na gari halijawa gumu.

Springi ni nzima ila ni laini kwa kazi yako. Kama 90 ndiyo uwazi wake wa asili, unahitaji springi itakayoshuka 60 kwa kilo 800, yaani kilo 13 na kidogo kwa milimita. Hizo ni ngumu mara moja na nusu na ushee kuliko ulizo nazo.

Magari ninayoletewa mengi huangukia kundi la kwanza, na wenyewe huwa wanadhani wako la pili. Zilizochoka utazitambua pia kwa macho: majani yaliyonyooka au kubinukia upande wa pili gari likiwa tupu, upande mmoja chini kuliko mwingine, jani lenye ufa karibu na senta bolti, ile inayoyashika majani pamoja katikati.

Kama springi zako zina jani nene la chini lisiloguswa gari likiwa tupu, rudia kipimo kwa mifuko 4 kisha 8. Mshuko wa pili utakuwa mdogo kuliko wa kwanza, na ndivyo inavyotakiwa.

## Hatua ya 4: Kagua kilichokufa kabla ya kununua kipya

Springi mpya juu ya bushi zilizokufa, zile raba za kwenye maungio, ni hela iliyomwagwa. Inua mbele, egemeza kwenye stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wake) au beringi. Shika kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi endi (kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani). Ingiza mtaimbo kwenye bushi za mikono ya mbele na ubenue kidogo: raba iliyopasuka au iliyoachana na chuma imekwisha.

Nyuma, piga brashi ya waya kwenye sheko (kiungo kinachoshikilia ncha ya springi kwenye chesisi) na sikio la springi (tundu la kwenye ncha yake). Tazama bushi zake, tazama pini kama zimekula, na pitisha tochi kwenye chesisi pale sheko inaposhika. Ufa wa chesisi huanza na mstari mwembamba wa kutu nyekundu. Ukiuona, acha mengine yote ushughulikie huo kwanza.

Shokapu yenye unyevu mwembamba juu bado inaweza kuwa hai. Inayotiririka mafuta mpaka vumbi limekuwa tope imekufa. Tairi lililoliwa kwa mabaka mabaka, hapa juu pale chini, nalo ni ushahidi kwamba limekuwa likidunda.

## Hatua ya 5: Chagua springi za nyuma

Una njia tano. Nazipanga kuanzia ile ninayoiamini zaidi kwa pikapu isiyo na fowili.

Springi mpya kamili zenye hatua mbili. Majani ya juu ni laini kiasi, na chini kuna jani moja au mawili manene yanayoanza kubeba gari likishashuka. Likiwa tupu unatumia yale laini, tairi linashika ardhi. Ukipakia, jani nene linaingia kazini. Kwa anayekwenda na mzigo na kurudi tupu, hakuna kinachozidi hiki. Kampuni nyingi za Australia huuza springi kwa kutaja kilo za mzigo wa kudumu. Neno "wa kudumu" maana yake ni mzigo usioshuka garini, kama boksi la chuma na fremu, na si nyanya zinazoshuka sokoni. Ukinunua ya kilo 400 za kudumu ilhali unarudi tupu kila siku, nusu ya maisha ya gari itakuwa ya kurukaruka.

Springi mpya za kawaida. Kwa lile kundi la kwanza la hatua ya 3.

Kuongeza jani. Fundi atakwambia, "Bosi, tunakuongezea jani moja tu, linanyanyuka." Linaweza kufaa, mradi majani mengine yawe mazima na jani jipya liwe na mkunjo unaolingana nayo. Ila uliza unene. Idadi ya majani inadanganya, maana ugumu wa jani hukua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu. Jani la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu kuliko la milimita 7 lenye upana na urefu uleule, na kwa jicho huwezi kuona tofauti. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Wanaookota jani la lori dogo na kulikata ndio wanaotengeneza pikapu zinazovunja mgongo wa dereva.

Maputo ya upepo kati ya chesisi na ekseli. Yanasaidia kusawazisha mzigo wa mara mojamoja. Lakini springi ya majani hugawa uzito sehemu mbili za chesisi, mbele na nyuma, na puto linausukuma wote sehemu moja katikati. Ukijaza upepo mwingi, ukazidisha mzigo na kukimbia kwenye barabara mbovu, chesisi inaweza kupinda nyuma ya kebini. Sipendekezi maputo kuficha springi zilizokufa.

Kukunja upya springi za zamani. Zikikunjwa baridi kwa nyundo, zinarudi kulala baada ya muda mfupi. Zikichomwa moto bila kupozwa na kurudishiwa ugumu kwa utaratibu, zinalainika au zinakatika. Ifanye kama huna njia nyingine, na ujue ni ya muda.

Tahadhari: usimruhusu mtu kuchomelea jani la springi, hata kwa tone moja la welding. Palipopata moto ndipo patakapokatika, na litakatika likiwa na mzigo.

## Hatua ya 6: Mbele, nenda taratibu

Mbele ya pikapu yako hakuna ekseli ya kusukuma, kwa hiyo watu hudhani wanaweza kuinua watakavyo. Kinachokuzuia ni boljointi, mikono na tairodi. Kadiri unavyoinua, vinakaa kwa pembe kali zaidi, na alaimenti, yaani mkao sahihi wa magurudumu, inafika mahali haipatikani tena. Kwa mikono ya asili mimi sivuki milimita 40.

Tena jiulize unainua kwa nini. Kuinua hakukupi nguvu ya kushika kwenye tope. Kunakupa nafasi chini ya injini, na kitovu cha uzito wa gari kinapanda juu. Kwa kazi ya mzigo, mbele inahitaji kurudi kwenye urefu wake wa asili, na mara nyingi hilo linatosha kabisa.

Kwa koili, chagua kwa uzito wa mbele uliopima kwenye mizani. Koili za injini ya dizeli yenye bampa la chuma si za petroli yenye bampa la plastiki.

Kwa toshenibaa, mafundi hupenda kukaza bolti ya kurekebishia mpaka mbele ipande. Elewa kinachotokea: gari linapanda, lakini chuma hakijawa kigumu zaidi. Ulichofanya ni kula nafasi ya gurudumu kushuka. Ndiyo maana gari likivuka tuta, mbele inagonga "ko!" gurudumu linaponing'inia. Ukitaka ugumu, badilisha chuma chenyewe kwa kinene zaidi. Na ukikifungua, weka alama ya kushoto na kulia, maana havibadilishani pande.

Tahadhari kubwa: koili iliyobanwa inaweza kuua. Isifunguliwe bila kibanio chake maalumu, wala kwa kamba au waya. Kama fundi wako hana kibanio, tafuta fundi mwingine.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo shokapu

Umeshajua springi. Shokapu inafuata springi, haitangulii.

Kuna aina kuu mbili. Ya bomba mbili ina silinda ndani ya silinda. Ni nafuu, ni laini, na bomba la nje likipigwa jiwe likabonyea, la ndani bado linafanya kazi. Udhaifu wake ni joto: kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, mafuta hupata moto, yanachanganyika na hewa na kutoa povu, na shokapu inalegea mpaka upumzike. Zenye gesi hupunguza povu hilo. KYB Excel-G ni ya kundi hili.

Ya bomba moja hutenganisha mafuta na gesi yenye shinikizo kubwa kwa pistoni inayoelea. Inapoa haraka kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje, na haitoi povu. KYB Gas-a-Just ni mfano. Lakini jiwe likibonyeza ukuta wake, pistoni inakwama na shokapu imekwisha. Ni ngumu zaidi pia gari likiwa tupu.

Kwa pikapu ya mzigo kwenye lami na vumbi la kiasi, nachukua bomba mbili za gesi zenye bomba nene. Kwa anayeshinda kwenye vumbi lenye mikunjo, saa tatu nne bila kupumzika, bomba moja inalipa.

Kama umeweka springi ngumu zaidi, sema hivyo dukani. Springi ngumu hurudi kwa nguvu, nayo inataka shokapu yenye nguvu zaidi ya kuzuia kurudi huko. Shokapu ya kawaida juu ya springi ngumu ndiyo inayofanya mkia udunde mara tatu baada ya kila tuta.

Urefu ni lazima upimwe. Gari tupu likiwa chini, pima kutoka bolti ya juu ya shokapu hadi ya chini. Tuseme ni 450, na uwazi wa stopa ni 110. Shokapu ikifungwa kabisa isizidi 320: umetoa 110, na ukatoa tena 20 kwa sababu raba ya stopa nayo hubonyea. Kisha inua chesisi mpaka magurudumu yaning'inie, bolti ya chini ikiwa imefunguliwa, na upime umbali huohuo tena. Shokapu ikivutwa mpaka mwisho iwe ndefu kuliko hapo. Fupi ikigeuka kuwa kamba ya kukamatia ekseli, itang'oa mashikio yake.

## Hatua ya 8: Bushi na vidogo vingine

Yubolti na nati zake, mpya kila zinapofunguliwa. Senta bolti mpya. Raba za stopa mpya. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyorukwa.

Kwa bushi, raba kwa mikono ya mbele, maana inanyonya mtikisiko. Kwenye sheko za nyuma, bushi za plastiki ngumu zinavumilia vumbi vizuri mradi zitiwe grisi inayofaa. Zikikauka zitapiga kelele njia nzima.

## Hatua ya 9: Ukifika dukani

Iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, lebo nzuri haithibitishi kitu. Boksi za KYB na za boljointi za 555 huigizwa sana. Angalia chuma chenyewe: welding iwe nyororo na sawa, namba ziwe zimepigwa au kuchapwa vizuri, zilingane na za kwenye boksi.

Jaribu shokapu ikiwa imesimama wima. Ibonyeze na kuiachia mara nne kwanza, maana iliyolala ghalani huwa na hewa. Kisha bonyeza taratibu. Mkono usikie upinzani uleule kutoka juu hadi chini, bila mahali panapoteleza bure. Ya gesi ipande yenyewe ukiiachia. Fanya hivyo kwa zote mbili. Zikitofautiana, rudisha jozi nzima.

Za mtumba: springi za majani nakubali, baada ya kulinganisha mkunjo wa kushoto na kulia na kutafuta nyufa. Shokapu za mtumba sinunui.

Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, fuata mpangilio huu: boljointi na tairodi kwanza, maana zikiachia unapoteza usukani, kisha springi na yubolti, kisha shokapu. Na kila kitu kwa jozi. Springi mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine, gari litavuta.

## Hatua ya 10: Simama na fundi wakati anafunga

Huhitaji kushika spana. Hakikisha mambo matatu tu.

La kwanza: bolti za bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, raba inajisokota gari likishushwa, na bushi mpya inapasuka ndani ya miezi michache. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na lawama huishia kwa spea.

La pili: senta bolti iingie kwenye tundu lake la ekseli kabla yubolti hazijakazwa, na yubolti zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo.

La tatu: hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

## Hatua ya 11: Kabla hujapakia

Vali ya breki. Tazama juu ya ekseli ya nyuma. Pikapu nyingi zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Nyuma ikishuka, vali inajua kuna mzigo na inapeleka breki zaidi nyuma. Ukiinua nyuma kwa springi mpya, vali inaamini gari ni tupu siku zote, na breki za mbele zinabeba kazi kupita kiasi. Fikiria kilo 800 kwenye mteremko wa Kitonga huku breki za nyuma zikisaidia kidogo tu. Mpe fundi wa breki airekebishe kwa vipimo vya kitabu cha gari. Ukikuta imefungwa kwa waya, ifunguliwe.

Alaimenti, hata kama umegusa mbele kidogo tu. Taa za mbele, zishushwe au zipandishwe kulingana na mkao mpya, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kisha rudia kipimo cha saruji kwa mifuko ileile 8. Utajua umefanikiwa kwa haya: kushoto na kulia havipishani zaidi ya milimita 10, ukiwa na mzigo kamili theluthi ya uwazi wa stopa ipo, gari likivuka tuta mkia unapanda, unashuka, unatulia, na likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi halirushi matako nje ya mstari.

Baada ya kilomita 500 kaza yubolti tena, maana majani mapya hujikalia na nati hulegea. Siku hiyohiyo chukua vipimo vya mwisho, viandike kwenye karatasi na uiweke kwenye droo ya dashibodi. Mwakani uwazi ukipungua, utajua umepungua kwa milimita ngapi na upande gani.